Saa 507 na siku tano za kamera: kazi ya mwigizaji wa Ufaransa inavyojengwa

Ukimwuliza shabiki wa sinema ya Kifaransa kazi ya mwigizaji inaanzia wapi, atakutajia filamu. Ukimwuliza mwigizaji mwenyewe, huenda akakutajia namba: 507. Hizo ni saa za kazi anazotakiwa kuzifikisha ndani ya miezi 12 ili alipwe mafao kwa siku ambazo hana kazi. Asipozifikisha, sura yake inaweza kuwa inajulikana mitaani na bado kodi ya nyumba ikamshinda. Makala nyingi kuhusu waigizaji wa huko huliruka jambo hili na kukimbilia zulia jekundu, na ndiyo maana msomaji haelewi kwa nini mtu aliyemwona kwenye filamu tatu mwaka huu anazunguka mikoani na mchezo wa Molière. Mapenzi ya sanaa yapo, sikatai. Lakini hesabu nayo ipo, na hesabu hiyo inaegemea jukwaani.

Mlango wa kuingilia

Njia rasmi ni shule za taifa. Iliyo kongwe ni Conservatoire national supérieur d'art dramatique ya Paris, ambayo mizizi yake ni shule ya kifalme ya mwaka 1784. Kila mwaka zaidi ya watu 1,000 hugombea nafasi 30 hivi. Baada yake watu hutaja shule ya Théâtre national de Strasbourg, iliyoanzishwa 1954, na ENSATT, iliyohama Paris kwenda Lyon mwaka 1997. Strasbourg ina faida ambayo wengi hawaioni mapema: waigizaji husoma pamoja na waongozaji, wabunifu wa jukwaa na mafundi, kwa hiyo mwanafunzi anatoka akiwa tayari na watu watakaompigia simu miaka 15 baadaye. Upande wa shule binafsi kuna Cours Simon (1925) na Cours Florent (1967), ambako mtu analipa maelfu ya euro kwa mwaka, ingawa Florent ina darasa moja la bure la kuingia kwa mashindano.

Usaili wenyewe ni mfupi kwa ukatili. Mtahiniwa huja na vipande vya dakika tatu hivi kila kimoja, baadhi vya kisasa, baadhi vya zamani, pamoja na mwenzake wa kujibizana naye. Waamuzi wanaweza kumkatiza muda wowote. Na karibu kila mara kipande kimoja kinatakiwa kiwe cha ushairi wa aleksandrini, na hapo ndipo watu huanguka kwa wingi.

Anayejua tenzi na mashairi yetu ataelewa mara moja. Aleksandrini ni mshororo wa mizani 12, wenye ukwapi wa mizani 6 na utao wa mizani 6. Tatizo ni kwamba Kifaransa cha mazungumzo humeza sauti ambazo ushairi unazihesabu. Ile «e» ya mwisho wa neno, ambayo mtu wa Paris haitamki akiwa sokoni, inahesabiwa ikifuatwa na konsonanti, inamezwa ikifuatwa na irabu, na haihesabiwi ikiwa mwishoni mwa mshororo. Neno kama «passion» lina mizani miwili mtaani lakini mitatu kwenye shairi: pas-si-on. Mtahiniwa akizisahau kanuni hizo mbili kwenye mshororo mmoja, mizani 12 inakuwa 10, na waamuzi waliokaa na mashairi hayo maisha yao yote husikia pengo papo hapo.

Kosa la upande wa pili ni kuimba. Mtu anayehesabu kwa woga husimama kila baada ya mizani 6, na maana inakatika vipande. Mwalimu mzuri humfundisha kwa hatua: kwanza kupiga makofi kwa kila mizani mpaka hesabu iingie mwilini, pili kusoma kwa maana tu, kama barua, bila kujali mshororo unaishia wapi, tatu kuweka alama za pumzi, na kujaribu kubeba mishororo miwili, yaani mizani 24, kwa pumzi moja, mwisho kuunganisha vyote. Sentensi ya Racine, mtunzi wa tamthilia za kishairi, inaweza kupita mishororo minne kabla ya kufika nukta. Asiyekuwa na pumzi huishusha sauti katikati ya safari.

Kushusha sauti mwishoni mwa sentensi ndiyo dhambi kubwa kwenye jukwaa la Kifaransa, na sababu yake ni ya lugha. Mkazo wa Kifaransa huangukia silabi ya mwisho ya kifungu, si ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Neno zito hukaa ukingoni. Ukimeza ukingo, mtazamaji wa safu ya 20 anabaki na sentensi isiyo na kichwa wala miguu. Mafunzo haya ndiyo yanayomfanya mwigizaji wa jukwaa atambulike hata mbele ya kamera, anaponong'ona na bado kila neno likafika.

Shule, hata hivyo, haitabiri kila kitu. Jean-Paul Belmondo alihitimu Conservatoire mwaka 1956 akiwa amenyimwa zawadi aliyoitarajia, na akawaaga waamuzi kwa ishara ya mkono isiyoandikika hapa. Miaka minne baadaye akawa uso wa sinema mpya ya nchi nzima kwa filamu ya *À bout de souffle*.

Hesabu yenyewe

Tangu mwaka 1969 sheria ya Ufaransa inamchukulia mwigizaji kuwa mwajiriwa, hata kama kazi ni ya usiku mmoja. Hakuna kumlipa kwa ankara kama fundi bomba. Mikataba ni mifupi na mingi, na katikati ya mkataba mmoja na mwingine kuna mafao ya mfumo maalumu unaoitwa intermittence. Mfumo huo ulianzia 1936 kwa watu wa nyuma ya kamera, kwa sababu watayarishaji hawakuweza kuwaajiri mwaka mzima, kisha miaka ya 1960 ukapanuliwa hadi kwa wasanii. Leo mafundi wako kwenye kiambatisho cha 8 cha kanuni za bima ya ajira, na waigizaji kwenye kiambatisho cha 10.

Kipimo ni kashe (cachet). Onyesho moja ni kashe moja. Siku moja ya kupiga filamu ni kashe moja. Tangu mageuzi ya 2016, kashe moja huhesabiwa kuwa saa 12, na kwa mwezi hazihesabiwi zaidi ya kashe 28. Kwa hiyo 507 ukigawa kwa 12 unapata 42 na robo: kashe 43 kwa mwaka. Kwa anayetazama kwa mbali ni kidogo sana. Kwa aliyeko ndani, kashe ya 43 inaweza kumtoa jasho mwezi mzima.

Angalia mwaka wa kawaida wa mtu asiye nyota. Mazoezi ya mchezo mmoja, wiki tano za saa 35: saa 175. Maonyesho 20 ya mchezo huo: saa 240. Jumla 415. Siku nne za filamu kwenye nafasi ndogo: 48, tunafika 463. Siku mbili za kuingiza sauti kwenye filamu za kigeni: 24, tunafika 487. Zimebaki saa 20. Hapo ndipo simu huanza kupigwa: kuna mtu anahitaji msomaji wa hadithi Jumapili? Kuna redio? Akipata kashe mbili anafika 511 na analala. La sivyo anaweza kujaziliza kwa kufundisha, lakini saa za kufundisha zinazokubaliwa ni 70 tu kwa mwaka (120 kwa waliofikisha miaka 50), na lazima iwe kwenye taasisi inayotambuliwa.

Sasa tazama kitu ambacho watu wa nje hawakioni. Siku ya filamu inaweza kulipa mara nyingi zaidi ya usiku wa jukwaani kwenye mji mdogo, lakini kwa saa zote mbili ni sawa: 12. Nafasi nzuri ya siku tano kwenye filamu kubwa ni saa 60, basi. Mchezo wa kawaida unaozunguka miji 25 ni saa 300 kabla hujagusa mazoezi. Kwa hiyo jukwaa ndilo linalobeba mwaka, na kamera ndiyo inayobeba jina. Anayechukua kamera peke yake kabla jina halijakaa sawa huwa anacheza kamari.

Mafao yenyewe hayalipwi kwa kila siku ya mwezi. Kila mwisho wa mwezi mwigizaji hutangaza saa zake kwa France Travail (hadi mwisho wa 2023 ikiitwa Pôle emploi), na siku zisizolipwa hupatikana kwa kuzidisha saa hizo kwa 1.3 kisha kugawa kwa 10. Mwezi wenye maonyesho 12 una saa 144, mara 1.3 gawa kwa 10 ni siku 18 na ushei. Mwezi wa siku 30 unabaki na siku 12 hivi za kulipwa.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi ni karatasi. Mwajiri asipotuma hati yake ya kila mwezi, saa hazipo, hata kama ukumbi mzima ulikuona. Kikundi kinachomwambia mwigizaji «tutagawana mapato ya mlangoni» kinampa sifa bila saa. Anayekubali kulipwa kwa ankara ya mfanyabiashara binafsi anapoteza saa pia. Kibaya zaidi ni kutojua tarehe ya mwaka wako mwenyewe: hesabu hufanywa kurudi nyuma miezi 12 kuanzia mkataba wa mwisho, kwa hiyo kashe iliyosogezwa kutoka tarehe 30 hadi tarehe 2 inaweza kuangukia mwaka mwingine. Kuna njia ya kuokoa kwa mwenye saa 338, lakini ni kwa waliokaa kwenye mfumo miaka kadhaa, na ni ya muda. Mwaka 2003 serikali ilipokubali kubana ile miezi 12 ya kuhesabu saa hadi miezi kumi na nusu kwa waigizaji, mgomo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba tamasha la michezo ya kuigiza la Avignon lilifutwa. Haukuwa ubishi wa wasanii wapenda makelele; watu walishaziona kashe zao zikianguka nje ya mstari.

Nyumba ya Molière

Wachache hawaijui hesabu hii kabisa, kwa sababu wako Comédie-Française. Kikundi hiki kilianzishwa kwa amri ya Louis XIV mwaka 1680, miaka saba baada ya Molière kufa, na kanuni zake za msingi zina saini ya Napoleon, zilizotolewa Moscow tarehe 15 Oktoba 1812 huku jeshi lake likijiandaa kurudi nyuma. Waigizaji ni kama 60. Anayeingia anaitwa pensionnaire, na ni mwajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Baadaye, kamati ya waigizaji wenzake inaweza kumchagua kuwa sociétaire, yaani mshirika. Hapo anapewa namba ya kudumu katika orodha inayoanzia na Molière, na fungu la faida linalopimwa kwa sehemu za kumi na mbili: unaanza na 3 kati ya 12 na unapanda polepole hadi 12 kamili. Kamati hiyohiyo ndiyo inayoamua nani astaafishwe. Kuhukumiwa na watu unaobadilishia nguo nao chumba kimoja si jambo jepesi, na kila Desemba, kamati inapoamua, ukumbi huo huwa na nyuso zilizokunjamana.

Kazi pale ni ya kupishana. Ukumbi mkuu, Salle Richelieu, haurudii mchezo mmoja kila usiku. Michezo kadhaa huzungushwa ndani ya wiki, na kuna kumbi nyingine mbili, Vieux-Colombier na Studio-Théâtre. Mwigizaji anaweza kucheza mtumishi mchana na mfalme usiku, asubuhi akiwa mazoezini kwa mchezo wa tatu. Faida yake ni kumbukumbu ya chuma. Hasara yake ni filamu. Ratiba ya kupishana haina wiki nane tupu, na ruhusa ya kwenda kupiga filamu anaitoa mkuu wa nyumba.

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko sinema. Mwigizaji Constant Coquelin, wa kwanza kumcheza Cyrano, shujaa wa mchezo wa Rostand, jukwaani tarehe 28 Desemba 1897 kwenye ukumbi wa Porte Saint-Martin, alikuwa ameiacha Comédie-Française, nayo ikamburuza mahakamani kwa sababu mshirika wake alicheza kwingine Paris. Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris, Coquelin huyohuyo alirekodiwa akiwa Cyrano, kwa picha na kwa sauti. Waigizaji wa nyumba hiyo walipocheza *L'Assassinat du duc de Guise* mwaka 1908, kwa muziki wa Saint-Saëns, sinema ilipata heshima iliyokuwa haina.

Isabelle Adjani aliingia mwaka 1972 akiwa na miaka 17, akacheza nafasi za Agnès na Ondine, kisha akaondoka kwenda kupiga filamu ya Truffaut, *L'Histoire d'Adèle H.*, iliyotoka 1975 na kumfikisha kwenye orodha ya wagombea wa Oscar. Pierre Niney aliingia 2010 akiwa na miaka 21, akaondoka mwanzoni mwa 2015, na wiki chache baadaye akapokea César, tuzo kuu ya sinema ya Ufaransa, ya mwigizaji bora kwa filamu ya *Yves Saint Laurent*. Kwa upande mwingine Guillaume Gallienne, sociétaire tangu 2005, aligeuza onyesho lake la peke yake kuwa filamu na akazoa tuzo kuu za César za 2014 bila kuondoka. Kwa maoni yangu mfano wa Gallienne ndio mgumu zaidi kuiga, maana filamu aliitengeneza yeye mwenyewe, na ratiba akaipanga yeye mwenyewe.

Mbele ya kamera

Filamu ya Kifaransa hupata pesa zake kwa namna inayoamua nani apate nafasi. Kila tiketi ya sinema nchini inatozwa asilimia 10.72, na pesa hizo hurudi kwenye filamu kupitia CNC, taasisi ya taifa ya sinema. Vituo vya televisheni navyo vinalazimika kuwekeza. Ndiyo maana nchi hutoa filamu zaidi ya 200 kwa mwaka. Lakini kituo cha televisheni kinachonunua filamu kabla haijapigwa kinanunua majina mawili ya juu kwenye bango. Nafasi hizo mbili hazifanyiwi usaili. Kuanzia ya tatu kushuka chini ndipo msimamizi wa usaili anapopewa uhuru, naye hutumia jioni zake kwenye kumbi za michezo akiandika majina. Mwigizaji wa jukwaa wa miaka 45 aliye kwenye nafasi ya nne alionekana hivyo.

Wakala huchukua asilimia 10 ya mshahara, na sheria inamruhusu kufika 15 tu akiwa na majukumu ya ziada. Anayedai pesa ili akuandikishe si wakala.

Kwa usaili wa kujirekodi nyumbani, makosa ni yaleyale kila mara: simu imesimama wima badala ya kulala, mtazamo unagonga lenzi badala ya kukaa sentimita chache pembeni yake, na anayesoma majibu yuko karibu na kipaza sauti kuliko anayeigiza. Video ya kujitambulisha isizidi dakika tatu, kazi bora ikae mwanzoni, na muziki uachwe. Anayeitazama huwa ameshaamua kabla nusu dakika haijaisha.

Siku ya kupiga picha, mtu wa jukwaani hukumbana na mambo matatu. La kwanza ni mpangilio: mwisho wa hadithi hupigwa Jumatatu na mwanzo wake wiki ya tano, kwa sababu nyumba imekodiwa kwa tarehe hizo. Asiyekuwa na daftari lake la hali ya mhusika, tukio kwa tukio, anapotea. La pili ni alama ya utepe sakafuni. Kwenye picha ya karibu, kuivuka kwa sentimita tano kunatosha kuutia uso ukungu, na kosa si la mpiga picha. La tatu ni mwendelezo. Ukinyanyua glasi kwenye neno fulani katika picha pana, utainyanyua kwenye neno hilohilo katika picha zote zinazofuata, mkono uleule, la sivyo mhariri hana pa kukata. Wageni hujimwaga machozi yote kwenye picha pana ya asubuhi, na kamera inapokuja karibu saa tisa alasiri hakuna kilichobaki. Wazoefu hutoa nusu, wakingoja.

Kinachovunja kazi nyingi ni tarehe. Ziara ya mchezo hupangwa mwaka na nusu kabla. Filamu huthibitishwa wiki chache kabla, pesa zikishakamilika, na ikichelewa wiki tatu inaangukia juu ya ziara. Nani alegeze? Mchezo unaoruhusu waigizaji wawili kupokezana nafasi moja husaidia, na kuna wanaopiga filamu mchana na kupanda jukwaani usiku, kwa sharti lililoandikwa kwenye mkataba kwamba gari litawaondoa jioni kwa saa iliyotajwa. Jumatatu, siku ambayo kumbi nyingi binafsi za Paris hupumzika, inapendwa na watayarishaji kwa sababu hiyo. Kwenye mkataba wa filamu, angalia sana maneno kuhusu kusogezwa kwa tarehe.

Kazi ya sauti haina zulia, lakini inajaza mapengo. Studio ya Kifaransa hutumia ukanda wa maandishi unaopita chini ya picha, na mstari wima uliosimama. Neno linapogusa mstari ndipo unalitamka, likiwa limeandikwa refu au fupi kulingana na midomo ya mwigizaji wa kigeni. Malipo hupimwa kwa mstari wa herufi 50, nafasi zikiwemo. Anayeyafuata maandishi kwa macho tu husikika kama msoma taarifa. Inabidi jicho moja liwe kwenye ukanda na jingine usoni mwa mhusika.

Na Avignon? Tamasha lililoanzishwa na Jean Vilar mwaka 1947 hualika. Lile la pembeni, lililoanza 1966, halialiki mtu. Kila Julai zaidi ya maonyesho 1,000 hugombea watazamaji kwenye mji mmoja uliozungushiwa ukuta. Kikundi hukodi saa maalumu ya ukumbi kwa maelfu ya euro, ukumbi wenyewe mara nyingi wa viti 49, na kuna dakika chache tu za kuingiza na kutoa vifaa kabla kikundi kingine hakijaingia. Asubuhi waigizaji hugawa vikaratasi kwenye jua. Kinachotafutwa ni wanunuzi wa kumbi za mikoani, watakaonunua mchezo kwa msimu wa baada ya ujao. Tiketi peke yake hairudishi gharama. Maonyesho 20 yaliyolipwa ni saa 240, karibu nusu ya mwaka. Maonyesho 20 ya «tutaona mwishoni» ni sifuri na koo lililokauka.

Bouquet na Noiret

Michel Bouquet, aliyezaliwa Paris mwaka 1925, alikuwa kijana wa vibarua alipobisha hodi mwaka 1943 kwa Maurice Escande wa Comédie-Française na kuomba asikilizwe. Alipita Conservatoire, akacheza michezo ya Camus na Anouilh, na alikuwepo Avignon mwaka ule wa kwanza, 1947. Sauti yake ndiyo inayosimulia *Nuit et brouillard*, filamu ya hali halisi ya 1956. Lakini nafasi kubwa ya filamu, *La Femme infidèle* ya Chabrol, ilimfikia 1969 akiwa na miaka 43. Robo karne ya kwanza ilibebwa hasa na jukwaa. César zake mbili zilikuja akiwa ameshapita 75, ya 2002 na ya 2006, ya pili kwa kumcheza rais Mitterrand. Mchezo wa Ionesco, *Le roi se meurt*, aliurudia kuanzia 1994 kwa takriban miaka 20, maonyesho yapata 800.

Philippe Noiret alianza vilevile jukwaani, katika kikundi cha Vilar, TNP, tangu 1953. *Zazie dans le métro* ya 1960 ilimfungulia mlango, naye baadaye akaliacha jukwaa kwa karibu miaka 30. César ya kwanza kabisa ya mwigizaji bora, 1976, ni yake. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga: filamu zilikuwa zinamfuata, na mtu mwenye jina hahitaji kuhesabu kashe. Alirudi 1997 kwenye *Les Côtelettes* ya Bertrand Blier, Porte Saint-Martin, akiwa na Bouquet bega kwa bega. Tuzo ya Molière, ile ya michezo ya jukwaani, ya mwaka 1998 kwa mchezo huo ilikwenda kwa Bouquet.

Ukitaka kuona jukwaa linavyofanya kazi ndani ya filamu, tafuta *La Femme infidèle* na uangalie tukio baada ya mauaji. Bouquet anasafisha nyumba ya watu kwa muda mrefu bila neno: anafuta, anafunga, anaburuta, anasimama. Hakuna uso wa kuogopesha wala pumzi ya kuigiza. Kila kitendo kina mwanzo, kati na mwisho, na hakuna kinachoanza kabla cha awali hakijakamilika. Kisha tazama *Le Promeneur du Champ-de-Mars* ya 2005, ile anayomcheza Mitterrand, na usikilize ukingo wa kila sentensi.